«Formate tu» si dawa, njo ugonjwa wenyewe



Leo hatuandike juu ya barabara, wala juu ya bomba la maji. Tunaandika juu ya ordinateri yenye iko mbele yako, na juu ya maneno mawili yenye yameharibu kazi ya vijana wengi mukini humu: «Formate tu.»

Wi-Fi inakataa? Formate tu. Ekra imekuwa nyeusi? Formate tu. Programu inakataa kujengwa? Formate tu, ndugu, usijisumbue. Mutu anabeba masini yake, anatoa dolari 10, anarudi jioni na ordinateri safi sawa sahani yenye imeoshwa. Safi kabisa. Kazi yake nayo imeoshwa pamoja na uchafu.

Sisi tunasema: inatosha. Na mbele ya kunyooshea wengine kidole, tutaanza na sisi wenyewe.

Dada mumoja wa kundi letu alikuwa anamaliza masomo. Asistenti wake alimupa kwa flashi programu ndogo ya kuhesabu vipimo vya maji ya visima. Haikuwa programu ya kubonyeza na kufungua. Ilikuwa bado mbichi, ni kusema maandishi yake ya asili, yenye unapaswa kujenga wewe mwenyewe kwenye masini yako. Dada alikuwa na Ubuntu kwenye ordinateri ya okazioni. Nyumbani hakukuwa mega, hakukuwa intaneti, na umeme ulikuwa unakuja na kuenda sawa mugeni asiye na haya. Akafungua terminali, akaandika ./configure, na masini ikamujibu hivi:

configure: error: newly created file is older than distributed files! Check your system clock

Kwa luga yetu: «faili yenye nimetoka kuumba sasa hivi inaonekana ni ya zamani kuliko faili zenye zilikuja na programu, angalia saa ya masini yako.» Mustari mumoja. Ndani yake muko ugonjwa, na muko dawa pia.

Lakini hakuna mwenye aliusoma. Dada aliuonyesha kwa mwenzetu mumoja mwenye tunamuhesabia kuwa anajua. Yeye aliona rangi ya kosa, hakuona maneno yake. Akasema: «Formate tu.» Fundi wa kartie akachukua dolari 10, akafuta diski yote, akaweka Windows ya kuvunja. Sura mbili za kazi ya mwisho wa masomo zikaenda. Hazikuwa zimekopiwa pahali pengine popote.

Kisha tukaweka Ubuntu upya. Dada akaandika tena ./configure. Kosa likarudi lile lile, neno kwa neno.

Lingekosaje kurudi? Ndani ya ordinateri nyingi muko batri ndogo ya mviringo, kadiri ya kipande cha feza, mara nyingi ni aina ya CR2032. Njo inashikilia saa wakati masini imezimwa na haina umeme. Ya dada ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika na batri kubwa ikiisha, masini ilikuwa inaamuka ikiamini tuko bado miaka mbili nyuma. Kama kungelikuwa intaneti, saa ingelijisahihisha yenyewe. Haikuwepo. Na faili za asistenti zilikuwa za mwezi uliopita. Kwa masini, hizo zilikuwa faili zenye zimetoka siku zenye hazijafika. Ikakataa kujenga, na ilikuwa na haki.

Dawa ilikuwa kuandika sudo date -s na tarehe ya kweli. Dakika moja. Kisha ./configure ikapita, make ikapita, programu ikajengwa. Batri mupya tulitafuta nyuma, kwa bei ya chini sana kuliko zile dolari 10.

Hatutaje fundi. Fundi alifanya kazi yenye aliombwa. Mwenye alisema «formate tu» alikuwa mumoja wetu, na sisi wengine tulikuwa pale, tukaitikia. Njo maana barua hii tunaiandika kwa wingi.

KOSA NI SHAHIDI, USIMUFUKUZE

Kuformate ni kufukuza shahidi mbele hajasema. Masini iko inakuambia nini imetokea, wapi, na mara nyingi juu ya nini. Wewe unamufunga mudomo, unafuta kila kitu, kisha unasema «ordinateri hii iko na mashetani». Haina mashetani. Iko na mustari mumoja wenye haukuusoma.

Basi tuseme mambo ya kazi. Hizi si siri za wataalamu.

Jambo la kwanza: soma kosa la kwanza, si la mwisho. Ukijenga programu na make, kosa moja linazaa mengine kumi. Mustari wa mwisho mara nyingi unasema tu kwamba kazi imesimama. Sababu iko juu, imekwisha kupita ekra. Kwa hiyo chunga kila kitu ndani ya faili: make 2>&1 | tee kazi.log. Kisha panda juu utafute neno «error» la kwanza kabisa. Na kama ulikuwa unajenga na -j4 ao -j8, kazi nyingi zinasemaka kwa pamoja na maneno yanachanganyika. Anza tena na make -j1, sauti ibaki moja.

Jambo la pili: ukiona fatal error: zlib.h: No such file or directory, usikimbie. Masini haikusema kama zlib haiko. Inaweza kuwa iko na inatumika kila siku. Lakini kuko kifurushi cha kutumia, na kuko kifurushi cha kujengea. Kwenye Debian na Ubuntu, kile cha kujengea kinamalizika na -dev. Hapa unatafuta zlib1g-dev. Kwenye Fedora kinamalizika na -devel. Ni sawa nyumba: mupangaji anahitaji ufunguo tu, lakini mujenzi anahitaji plani. Ukishajua hiyo, nusu ya makosa ya kujenga haikutishi tena.

Jambo la tatu: ukiona Killed signal terminated program cc1plus, usitukane programu. Hakuna kitu kimeharibika. RAM imeisha, na kiini cha Linux kimechagua kuua kazi moja ili masini yote isianguke. Andika free -h utaona. Angalia dmesg, utakuta maneno «Out of memory». Dawa: funga Firefox na kurasa zake 30, jenga na make -j1, ongeza faili ya swap kama diski ina nafasi. Itachelewa. Acha ichelewe, enda kupika sombe. Masini ya giga 2 inaweza kujenga vitu vingi kama mwenyewe yuko na uvumilivu.

Jambo la ine: bureau inakataa kufunguka. Unaandika neno la siri, liko sawa, ekra inageuka nyeusi kidogo, kisha inakurudisha pale pale kwa neno la siri. Vijana wangapi wameformate juu ya hiyo! Finya Ctrl+Alt+F3. Utapata ekra ya maandishi; ingia na jina lako. Andika df -h: kama diski imejaa asilimia 100, bureau haina hata pahali pa kuandika faili yake ndogo, futa filamu moja, rudia. Kama diski haijajaa, andika ls -l ~/.Xauthority. Ukikuta mwenye faili ni root, si wewe, basi siku moja ulitumia sudo pahali hapakufaa, na root akakuibia ufunguo wa nyumba yako. Mutoe na chown, maisha inaendelea. Na kama ekra inabaki nyeusi toka mwanzo wa kuwaka, kabla hata ya neno la siri, jaribu kuongeza neno nomodeset kwenye mustari wa kuwasha ndani ya GRUB. Mara nyingi ni karta ya picha yenye haijaelewana na kiini.

Jambo la tano: Wi-Fi. Mbele ya kusema «Linux haipende Wi-Fi yangu», andika sudo dmesg | grep -i firmware. Kama masini inasema imekosa faili fulani, basi si chuki, ni kifurushi kinakosa. Zamani Debian haikuweka vifurushi hivyo ndani ya diski yake rasmi ya kuwekea, juu havikuwa huru. Tangu Debian 12, ya Juni 2023, vimo. Ukitumia flashi ya zamani yenye ulikopi miaka nyingi, unateseka juu ya shida yenye ilishaisha.

Mambo tano. Hakuna hata moja lenye liliomba kufuta diski.

Je, kuko siku ya kuformate? Ndiyo, tusidanganyane. Diski ikianza kufa, ikitoa makosa ya kusoma kila saa, na smartctl inakuonyesha kwamba imechoka, basi kopi kazi yako haraka na uache ile diski ipumzike. Lakini ile ni hukumu yenye inakuja nyuma ya ushahidi. Haikuji mbele.

WALE WANASEMAKA NINI

Wa kwanza anasema: «Linux ni ya wataalamu.» Ndugu, Linus Torvalds mwenye aliitangaza tarehe 25 Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, na aliitangaza kama mchezo wa kujifurahisha. Richard Stallman alikuwa amekwisha kutangaza kazi ya GNU tarehe 27 Septemba 1983, juu ya wazo moja: mwenye kutumia programu awe na haki ya kuiona ndani, kuibadilisha na kumugawia jirani. Haki hiyo haina pasipoti. Haiulizi kama unakaa Helsinki ao Bukavu. Lakini haki yenye hautumii ni karatasi tu. Kama uko na maandishi yote ya programu mbele yako na unakataa kusoma hata mustari mumoja wa kosa, uhuru huo unakufaidia nini?

Wa pili anasema: «Mimi nabaki na Windows ya kuvunja, ni ya bure.» Si ya bure. Unalipa kwa njia ingine. Mutu mwenye alivunja ile programu alifungua mulango ili aingie, na hakukuahidi kwamba aliufunga nyuma yake. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza musaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inaomba TPM 2.0, na masini nyingi za okazioni zenye tunanunua hapa hazina. Basi tutazitupa? Masini yenye inawaka, yenye inasoma, yenye inaandika? Weka Linux yenye bureau nyepesi, kama Xfce ao LXQt, na hiyo masini itakutumikia bado.

Wa tatu anasema: «Makosa yako kwa Kiingereza, mimi nilisoma kwa Kifaransa.» Huyu tunamusikiliza, juu ana haki. Lakini iko njia. Kama luga ya Kifaransa imewekwa kwenye masini, andika LC_ALL=fr_FR.UTF-8 make na programu nyingi zitakusemesha Kifaransa. Ukitaka kuulizia watu wa mbali, andika LC_ALL=C make, kosa lirudi Kiingereza, juu njo maneno yenye watu wengi wameshauliza. Na sisi hapa tuandike majibu kwa Kiswahili chetu, hiki hiki cha njiani. Kama mama wa soko anaweza kuhesabu dolari na franka kwa Kiswahili bila kukosa hata kipande, nani alisema luga hii haiwezi kueleza faili ya .h?

Wa ine anasema: «Sina mega za kutafuta jibu.» Ndiyo, mega ni gali. Na hata mutu mwenye mega hana uhakika: tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima kwa siku karibu 20. Siku zile, mwenye alikuwa anajua kuandika man aliendelea kutumika. Kitabu kizima kiko tayari ndani ya masini yako, na kingine ndani ya /usr/share/doc. Kinangoja tu mwenye kukifungua. Na vifurushi, mutu mumoja akivishusha na apt-get, faili za .deb zinabaki ndani ya /var/cache/apt/archives. Zikopi kwa flashi, umupe jirani mwenye ana Ubuntu ya namba ileile. Mega zinalipwa mara moja, watu kumi wanakula.

NA SISI WENYE TUNAJIFANYA TUNAJUA

Sasa tufike kwa neno lenye linauma.

Juu ya nini watu wanakimbilia kuformate? Juu walishakuja kwetu kuuliza, tukawacheka. Kijana analeta swali, tunamujibu «soma kitabu». Dada anaandika kwamba terminali inamutisha, mutu anamutumia alama za kicheko. Ao tunamunyanganya klavie, tunapiga amri sita kwa mbio sawa mupiga muziki, tunasema «iko sawa sasa», na yeye anabaki hajajifunza kitu. Kesho kosa likirudi, hatarudi kwetu. Ataenda kwa mwenye hamucheke. Atatoa dolari 10, na diski itafutwa.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu bila kusoma. Yule mwenzetu wa «formate tu» hakukosa akili. Alikosa unyenyekevu wa kusema «ngoja nisome kwanza». Kusema «sijue, tuangalie pamoja» kungeliokoa sura mbili.

Na vituo vya mafunzo yenye vinafundisha vijana miezi tatu Word na Excel, kisha vinatoa cheti cha «informatike»: tunaviomba vifundishe pia kitu kimoja kidogo. Muonyeshe mwanafunzi kosa, mumukataze kugusa klavie dakika tano, mumwambie alisome kwa sauti na aeleze kwa maneno yake. Somo hilo halina bei, na hata umeme ukikatika linaweza kuendelea kwenye ubao.

TUNACHOJIFUNGA NACHO

Barua yenye inaomba wengine bila kujifunga mwenyewe ni kelele. Basi sisi tunajifunga hivi:

1. Hakuna mumoja wetu atatamka «formate tu» mbele ya kusoma kosa lote na kuliandika pahali.

2. Mbele ya kugusa masini ya mutu, tunakopi kwanza kazi yake kwa flashi ao diski ya inje, na tunamuonyesha mwenyewe kwamba kopi inafunguka. Bila hiyo, mikono chini.

3. Mwenye kuomba musaada ataulizwa mambo tatu tu: ulikuwa unataka kufanya nini, uliandika amri gani, masini ilijibu nini, neno kwa neno. Asiandike «haifanye kazi». Picha ya ekra inakubaliwa, hata ikiwa imepinda.

4. Klavie inabaki mukononi mwa mwenye masini. Sisi tunasema, yeye anaandika.

5. Kila kosa lenye tumelimaliza tunaliandika kwa Kiswahili ndani ya daftari moja ya wote: kosa, sababu, dawa. Ile ya saa tulishaiandika. Njo ukurasa wa kwanza.

6. Kila mwezi, mutu mumoja kati yetu anashusha vifurushi vya mupya, na flashi inazunguka kartie.

Kidole kimoja hakiui chawa. Hakuna mutu anajua makosa yote, hata wale wenye waliandika kiini chenyewe. Lakini watu 20 wenye wanaandika kila mumoja kosa moja kwa juma, kisha mwaka mumoja wako na daftari yenye fundi yeyote angeliomba kukopi.

Dada alimaliza kazi yake. Aliandika zile sura mbili upya, usiku, na taa ya telefone, na alichelewa kuitetea. Hakutukasirikia sana, na hiyo inatuuma kuliko angelitukasirikia. Siku ya kwanza ya daftari, njo yeye aliandika ukurasa. Chini ya «dawa» aliweka: kusoma.

Jioni hii, fungua ordinateri yako. Andika date. Kama saa iko sawa, merci kwa Mungu. Kisha kopi kazi yako pahali pengine, sasa hivi, mbele umeme haujakatika. Na siku kosa litakuja, juu litakuja, kaa chini, ulisome kwa sauti mupaka mwisho. Ukikwama, kuja. Hatutacheka tena.